Kisima Kilichochaguliwa kwa Mstari

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Asubuhi yake ilikuwa nzuri, wenzangu, msidhani mabaya hupiga hodi. Ogwang na mkewe Awor walikuwa shambani kwao Mwello wakipalilia wimbi, na Awor alikuwa akimcheka mumewe.

"Baba Joan, unang'oa wimbi unaacha magugu. Hilo shamba unamlimia nani?"

Ogwang akacheka pia. Ndipo ngoma ya mkutano ikalia kule senta, kwenye maduka.

Kijiji kilikuwa kimepewa kisima cha pampu. Fundi wa maji kutoka Tororo, kijana aitwaye Sydney, alishakuja akaeleza utaratibu. Watafute kwanza sehemu mbili tatu. Waangalie vyoo viko upande gani, kwa sababu uchafu hufuata mteremko. Wawasikilize wanaochota. Kisha wamwite arudi apime maji ya kila sehemu, na hapo ndipo wachague. Hata aliyeishia darasa la tatu alielewa.

Lakini mwenyekiti wa kijiji, Eriku, alikuwa na mahali pake tayari: chini ya senta, karibu na duka lake, ili wachotaji wapite kwake wakinunua sabuni. Vyoo vya soko viko upande wa juu wa mteremko kutoka mahali hapo. Kila mtu alijua, maana kila mtu amevitumia.

Awor akasimama, akaomba kwa heshima kwamba fundi aitwe kwanza apime. Eriku akamwuliza kama yeye amesomea maji au anayachota tu. Watu wakacheka. Basi Eriku akasema jambo liishe kama tunavyochagua viongozi: wanaotaka kisima chini ya senta wapange mstari nyuma yake, wanaotaka kungoja wapange nyuma ya Awor.

Hebu fikirini. Mtu huyo ndiye mwenye muhuri. Bila barua yake hupati kitambulisho, na ng'ombe wako humpeleki mnadani. Nani atasimama mbele ya macho yake, nyuma ya mwanamke anayempinga? Mstari wa Eriku ulifika barabarani. Nyuma ya Awor walisimama bibi wawili wasiohitaji tena barua ya mtu yeyote.

Ogwang alikuwa kwenye mstari wa Eriku. Binti yao Joan alikuwa akingoja barua ya kitambulisho wiki ile. Ogwang alikitazama kisogo cha mtu aliyekuwa mbele yake, hakumtazama mkewe.

Njiani Awor hakugomba. Alisema tu, "Wewe hukuchagua kisima. Umechagua mtu."

"Barua tutapata," Ogwang akajibu.

Barua walipata kweli. Kisima kikachimbwa, watu wakapiga picha na pampu. Mvua za Septemba ziliposhika, maji yakaanza kunuka. Eriku akawatuliza, akasema ni chuma kipya cha pampu, kitazoea. Homa ikapita nyumba kwa nyumba. Ilipofika kwa Awor, wakanunua dawa za malaria, kwa sababu ndizo kila mtu alikuwa akimeza. Hapo pia hakuna aliyepima.

Tumbo lake lilipokuwa gumu kama ubao, Shafic wa bodaboda akawabeba mpaka hospitali Tororo, Ogwang ameketi nyuma amemkumbatia asianguke. Daktari akasema ni taifodi, na utumbo umeshatoboka. Kabla ya kuingizwa kupasuliwa, Awor alimvuta mumewe shati.

"Joan asinywe yale maji."

Hakuamka tena.

Baada ya mazishi, wakubwa wa wilaya walikuja wakaifunga pampu kwa mnyororo, wakaondoka. Eriku akaita mkutano mwingine, mahali pengine pachaguliwe. Akasema tena: pangeni mstari. Watu wakaanza kujipanga. Ogwang hakusogea.

"Mwenyekiti," alisema, "ulikatazwa na nani kumwita fundi apime?"

Eriku akamtazama. "Na wewe, Ogwang, siku ile ulikuwa nyuma ya nani?"

Ogwang akarudi nyumbani peke yake.

FUNZO

Wenzangu wa Mwello, na nyinyi wa Busia pande zote mbili za mpaka, uamuzi una hatua zake. Jueni kwanza mnachotafuta. Wekeni zaidi ya njia moja mezani. Pimeni kila moja, mkiuliza ni nani ataumia ikiharibika. Msikilizeni atakayeishi na jambo hilo kila siku, hata kama hana cheo. Kuchagua huja mwisho. Na mkichagua, chagueni jambo, msimchague mwenye muhuri. Watu wengi kwenye mstari mmoja hawageuzi maji machafu kuwa safi.

Eriku amepata mahali pa kujificha, nyuma ya kosa la Ogwang. Sawa, Ogwang alisimama pale, kijiji kizima kilimwona, na kitanda chake kinamkumbusha. Lakini utaratibu uliwekwa mkononi mwa kiongozi, na Ogwang ndiye aliyetangulia kuuliza. Eriku bado ni mwenyekiti, na wakubwa wa wilaya hawajarudi. Kwa hiyo tunauliza tena, mbele ya wote: ni nani aliyemkataza kumwita fundi apime?