Mkwe Mchapakazi

Nguo zilikuwa zimeanikwa kabla hajaamka. Mashuka, magauni ya mama mkwe, hata zulia la sebuleni, zito kama maiti likilowa, vyote vilining'inia kambani vimekamuliwa vizuri. Naye mkwe mwenyewe alikuwa amelala tangu jana, mkono juu ya kidonda, hawezi hata kuinua birika.

Alikuwa fundi cherehani, na hospitali walikuwa wamemtoa kizazi. Nyumbani alisema ni uvimbe. Mume wake, dereva wa lori, ndiye pekee aliyejua, naye alikuwa safarini, bingwa wa kutuma "pole mpenzi" kwa simu. Daktari alimwandikia bed rest, kwa Kiingereza, kana kwamba Kiingereza kingemfulia nguo. Alimwambia uchovu ungechukua miezi. Hakumwambia mama mkwe.

Na mama mkwe alikuwa hodari wa kuguna. Uvimbe gani unamlaza mtu mzima mpaka saa saba mchana? Ndoa yenyewe haijaleta mtoto, sasa hata ufagio haushikiki? Fundi aliyasikia yote kupitia ukutani, akajifunika shuka usoni. Kibaya zaidi, alishaanza kukubaliana naye.

Siku hiyo mama mkwe aliitazama kamba, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu operesheni. "Pole na kazi, mwanangu."

Neno lilikuwa fupi tu: si mimi. Lakini aibu ilimtangulia mdomoni.

"Nimeshapoa, mama."

Nyuma yake, kwenye korido isiyo na mtu, kitu kilishusha pumzi ndefu, kama kibarua aliyeambiwa kesho arudi.

Kikarudi. Sufuria zilimeta. Sakafu ilipigwa deki, ikaacha harufu ya dawa ya vidonda na damu iliyochacha. Mchana, akiwa kitandani, alisikia cherehani yake ikikanyagwa chumba cha pili, taratibu kwanza, kisha mbio, kwa mwendo wake yeye, na kikohozi chake yeye, na mama mkwe akipita mlangoni akisema pole na kazi, na sauti iliyokuwa ya fundi kabisa ikajibu kabla yeye hajafumbua mdomo, huku yeye akiuma mto asipige kelele, kwa kuwa akipiga kelele watakuja, na wakija watamkuta amelala.

Alijikokota kwa mganga wa mtaa wa pili, mmoja wa watu wachache pale wenye ajira ya uhakika. Mganga alimsikiliza, kisha akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Majini hawa hupenda nyumba tupu," alinong'ona. "Kimetolewa kitu ndani yako, ukaficha. Lenyewe limeona pako wazi. Halafu unapokea pole ya jasho lake. Kila ukipokea, unalipatia nafasi."

Dawa haikuwa ubani wala kombe. Amwambie mama mkwe, kwa mdomo wake, kwamba kazi si yake na kizazi hana. Likikosa pa kujificha litaondoka.

Rahisi, sivyo? Jaribu kumwambia mwanamke anayesubiri mjukuu.

Aliahirisha, akaahirisha tena, huku kila siku akiamka amechoka kuliko alivyolala. Alipofikia kushika ukuta ili afike chooni, aliapa kuwa leo ni leo. Akaingia sebuleni.

Mama mkwe alikuwa amekaa na khanga machoni, analia.

"Mama, nina neno."

"Ulishaniambia, mwanangu. Pale jikoni, sasa hivi." Aliinuka, akamshika mikono yote miwili. Akamwomba msamaha kwa kila mguno. Akasema alimwita mvivu, kumbe mwenzake alikuwa na mgeni tumboni, ndiyo maana ya kulala kote kule. "Ni kweli, lakini? Hunidanganyi?"

Fundi hakuwa amekanyaga jikoni siku nzima. Kupitia mlango ulio wazi nusu aliona mgongo wa mwanamke aliyevaa gauni lake, amesimama wima bila maumivu, ameacha kuosha vyombo ili asikie jibu.

Sentensi aliyoibeba toka kwa mganga ilifika kooni. Akautazama ule uso wa mzee, uliolowa kwa furaha, unaompenda kwa mara ya kwanza.

Akaitikia kwa kichwa.

Jikoni sahani ilianguka, na hapakuwa na mtu tena pale. Mama mkwe akapeleka kiganja chake juu ya kovu la fundi, akakiacha hapo, akaangua kicheko cha chinichini.

"Anacheza," alinong'ona.

Na kweli, alikuwa anacheza.