Bangili Kutoka kwenye Boza

Hadithi hii naijua kuliko mtu yeyote wa kijiji chetu cha Kihanga, kwa sababu niliiona yote kwa macho yangu mawili. Basi, tuseme kwa jicho moja, maana lingine lina mtoto wa jicho. Na hilo moja nalo asubuhi ile lilikuwa limefumba kidogo, nilikuwa nimelala kwenye jamvi uani. Lakini nilisikia vizuri, na nisiyoyasikia niliyauliza baadaye mpaka watu wakiniona wanageuza njia.

Nyumba yangu iko karibu na josho la zamani, ule mfereji wa saruji ambamo ng'ombe hutumbukizwa waogelee ndani ya maji yenye dawa ya kuua kupe. Josho letu lilikuwa halitumiki kwa miaka mingi, lakini maji yalibaki humo, meusi, mazito, yananuka mpaka nzi wanapita mbali. Mwaka huu iliamuliwa lijengwe josho jipya. Yale maji ya zamani yalitakiwa yapakiwe kwenye boza, lile lori la tangi, yapelekwe mbali yakaharibiwe na wataalamu. Kuyamwaga bondeni isingefaa. Bondeni ndiko kwenye chemchemi yetu.

Kila asubuhi Placidia, akishachota maji na kufagia uwanja, alimpitia Uwitonze waende shule pamoja. Walikuwa darasa la sita, dawati moja, na walipita mbele ya nyumba yangu wakigongana mabega.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Leo mmenawa, au mmepaka mafuta juu ya uchafu?"

"Tumenawa, bibi!"

"Uongo wenu."

Wakacheka, wakaenda. Watoto wale walipendana sana, ndiyo maana yaliyofuata yaliuma zaidi.

Baba yake Uwitonze aliitwa Mbonimpa. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, na yeye aliishi kwa vibarua: leo kulima, kesho kukata migomba, keshokutwa kubeba mawe. Wiki ile alipata kibarua kwenye boza. Alifurahi, akawaambia majirani kwamba sasa na yeye anafanya kazi ya mashine.

Msimamizi wa boza alikuwa Gideon, mtu mrefu, mwenye glovu nyekundu na miwani ya kukinga macho. Alifunga kamba ya katani kuzunguka josho, na wanafunzi walipokusanyika kuangalia, akawahutubia.

"Sikilizeni, watoto. Haya maji ni sumu. Mwisho wenu ni kwenye kamba hii. Kazi hii ina utaratibu wake. Gari linasimama mahali tambarare, magurudumu yanawekewa magogo. Kila kiungo cha mpira wa kunyonyea maji lazima kiwe na pete yake ndani. Bila pete, hakuna kazi. Sumu haipiti mpaka kwanza tupitishe maji safi tuone kama panavuja. Chini ya kiungo tunaweka beseni. Mtu mmoja anakaa kwenye swichi ya pampu, haondoki. Kila mfanyakazi anavaa glovu, miwani na gambuti. Na upepo tunauacha uwe mgongoni. Mmeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Maneno yalikuwa mazuri mpaka mimi kwenye jamvi nikafumbua jicho. Kama maneno yangeweza kushika kazi yenyewe bila mtu, hakuna ambaye angeumia siku ile.

Gideon alipokuwa akihutubia, vifaa vyake vilikuwa vimepangwa juu ya turubai karibu na kamba. Kimoja kilikuwa pete ya mpira, nyeusi, nene, mpya, inang'aa. Mwaka huu wasichana wa shule yetu walikuwa wakivaa bangili walizokata kwenye mipira ya baiskeli, na Placidia hakuwa nayo. Nyumbani kwao hakuna baiskeli. Aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Alipoinuka, pete ilikuwa mkononi mwake, chini ya mkono wa sweta.

Wakati wa mapumziko aliwaonyesha wenzake.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Mjomba kaniletea kutoka Murongo, mpakani. Ya Uganda hiyo, usiishikeshike."

"Mwone! Mjomba gani anakuletea wewe?" wakamtania. Lakini waliiangalia kwa tamaa, na hata Uwitonze aliijaribu kidogo mkononi, akamrudishia.

Kilichotokea josho asubuhi hiyohiyo sikukiona, nilikuwa nyuma ya nyumba nahamisha mbuzi. Mbonimpa ndiye aliyenisimulia, wiki nyingi baadaye, ulimi ulipomrudia.

Gideon aliitafuta pete juu ya turubai, chini ya turubai na kwenye gari. Haikuwepo. Nyingine ilikuwa mjini Kayanga.

"Twende Kayanga kwa ajili ya kipande cha mpira? Tutamaliza lini?" alisema. Kisha akamtazama Mbonimpa. "Wee Mbonimpa, rubisi mnaziba kwa kitu gani lisimwagike kwenye dumu?"

"Kwa maganda makavu ya mgomba, bosi."

"Basi na hili ni dumu. Ziba."

Mbonimpa alicheka akidhani ni utani. Gideon hakucheka. Basi Mbonimpa akaenda shambani, akachukua maganda, akayasokota, akayazungushia kwenye kiungo akakaza, kama wanavyofanya watu wote wa huku wakiwa na rubisi, pombe yao ya ndizi. Lakini rubisi hukaa kimya ndani ya dumu lake. Pampu inasukuma. Maji safi hayakupitishwa. Beseni halikuwekwa. Glovu na miwani ya pili vilikuwepo, ila vilibaki mbele kwenye gari, ndani ya nailoni yake, visichafuke.

Nilisikia mlio kama wa nguo inayopasuliwa, kisha kelele. Maganda yalikuwa yametoka, na sumu ilimpiga Mbonimpa usoni, mdomoni na kifuani. Gideon alikimbia, na hapo alikumbuka vizuri habari ya upepo, kwa sababu alikimbilia upande ambao harufu haikuwepo. Kwenye swichi hapakuwa na mtu. Pampu iliendelea kunguruma na sumu ikaendelea kumwagika majanini, mpaka dereva alipoamka kwenye kiti chake akaizima.

Mama yake Placidia, Verdiana, alikuwa analima migomba jirani. Alifika akikimbia na ndoo. Akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akamvua Mbonimpa shati, akammwagia maji na sabuni, tena na tena. Mbonimpa alikuwa anatokwa na mate kama mtoto anayeota meno, mwili mzima unatetemeka.

"Mpe maziwa! Mtapishe!" watu walipiga kelele.

"Nyamazeni!" alijibu Verdiana. "Mtu wa sumu hamumlishi wala hamumtapishi. Anaoshwa, anapelekwa hospitali. Leteni gari, acheni midomo!"

Akapelekwa. Mbuzi wangu mmoja, aliyekata kamba akala majani yale, alikufa kabla ya mchana. Huyo hakuna aliyemwosha.

Jioni Gideon aliwaambia watu kwamba Mbonimpa alikuja kazini amelewa. Akasema pete ameiuza, halafu akaziba kwa maganda kwa akili yake mwenyewe. Na watu wakaamini. Wangekosaje kuamini? Gideon alikuwa na glovu nyekundu, na Mbonimpa alikuwa kibarua, tena hakuweza kusema lolote.

Kesho yake shuleni wakamzunguka Uwitonze.

"Baba yako fundi maganda!"

"Anatetemeka hivi, angalieni, hivi!" Mvulana mmoja akatetemesha mikono na kutoa mate. Watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Placidia alikuwa amesimama palepale. Sweta lilikuwa limefunika mkono wake mpaka kwenye vidole, na jua lilikuwa kali. Hakucheka, lakini hakusema kitu pia. Moyoni alijiambia: nikisema, nitaitwa mwizi shule nzima. Usiku hakula. Mama yake alidhani ni malaria.

Siku ya tatu, baada ya masomo, Uwitonze alimwambia, "Twende josho ukanisaidie kuitafuta ile pete. Labda ilianguka majanini. Ikionekana, watajua baba hakuiuza. Kesho kuna kikao ofisi ya kijiji, na wamesema baba akitoka hospitali tuhame."

Placidia akamfuata. Walipofika, Uwitonze aliinama chini ya kamba, akapiga magoti, akaanza kupekua majani kwa mikono mitupu, palepale alipokufia mbuzi wangu.

"Uwitonze, toka hapo!"

"Njoo utafute na wewe."

"Majani hayo yana sumu! Mbuzi wa bibi alikufa hapo!"

"Baba amelala anatetemeka, hawezi hata kunijua," alisema Uwitonze bila kuinua kichwa. "Mimi niogope majani?" Akataka kufuta machozi, na mkono ulikuwa unaelekea machoni.

Placidia alimrukia, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta mpaka wakaanguka wote nje ya kamba. "Usijiguse! Usitafute! Haipo hapo. Ninayo mimi." Akavuta sweta juu.

Uwitonze aliitazama ile pete.

"Ya Uganda," akasema.

Hakumpiga. Mimi niliyekuwa natazama kutoka uani ninawaambia, afadhali angempiga. Alisimama tu, akasema, "Asubuhi usinipitie tena," akaondoka. Nilimwita nikamnawisha kwa sabuni mara tatu. Alinyoosha mikono kama si yake.

Verdiana alipoambiwa hakushika fimbo. Placidia alilia, "Mama, nipige tu, yaishe."

"Ndiyo maana sikupigi," alijibu mama yake. "Nikikupiga yataisha kwako. Kwa Mbonimpa hayajaisha. Kesho utasema mbele ya watu wote, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako. Sitakusaidia hata neno."

Ofisi ya kijiji ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Aliyekuja kutoka wilayani alikuwa Adelgunda, mama mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa ameshalikagua boza, na aliyeandika kila kitu kwenye daftari. Gideon alikuwa amekaa mbele, amenyoa ndevu.

Placidia alisimama. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akasema, "Huyu naye katumwa na nani?" Ndipo akaivua pete mkononi, akaiweka mezani.

"Niliiiba mimi. Siku ile asubuhi, alipokuwa anatuhutubia. Baba yake Uwitonze hakuiuza. Nilidanganya kwamba ni ya mjomba."

Waliokuwa wananong'ona wakapiga kelele. "Mwizi mdogo!" "Umeua mtu wewe!" Mwanamke mmoja alitema mate chini karibu na miguu yake. Uwitonze alikuwa mlangoni. Hakutema mate, ila alitazama pembeni. Verdiana alisimama palepale nyuma, kimya kama alivyoahidi. Nilimwona anauma mdomo mpaka damu.

Gideon aliinuka akiwa na furaha. "Mmesikia wenyewe! Mimi nilifuata taratibu zote. Kazi yangu imeharibiwa na mwizi mmoja na mlevi mmoja."

"Kaa, Bwana Gideon, zamu yako inakuja," alisema Adelgunda. Akamgeukia Placidia. "Mwanangu, njoo karibu. Unajua hii ni nini?"

"Pete ya mpira, mama."

"Kwako ilikuwa bangili. Kwenye boza ndiyo kitu pekee kilichosimama kati ya sumu na uso wa mtu. Kazini hakuna kitu kidogo. Usichukue kisicho chako, hata kama kinaonekana hakina mwenyewe, maana hujui kimeshikilia nini. Hilo la kwanza. La pili, kuiba kwako kulichukua dakika moja, lakini ulinyamaza siku tatu. Katika siku hizo tatu mtu mgonjwa ameitwa mwizi, na mwanawe, nimeambiwa, nusura ajitie sumu machoni. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado ni lako peke yako. Umechelewa, lakini umesema. Wapo watu wazima humu hawajafika hapo. Kuomba msamaha utakwenda mwenyewe hospitali na kwa yule aliyesimama pale mlangoni, na wasipokusamehe usiwalaumu."

"Ndiyo, mama."

"Na ninyi wengine. Mbonimpa hahami popote. Jumatatu linakuja boza lingine na wafanyakazi wengine. Kila mmoja atakuwa na glovu zake mkononi, si kwenye nailoni. Majani yale na udongo wake vitafukuliwa na kuondolewa. Mpaka hapo mtoto asionekane pale, wala mbuzi."

Watu wakaitikia kwa heshima, "Ee waitu," wakidhani kikao kimekwisha. Gideon naye akaanza kuinuka.

"Bado kidogo, Bwana Gideon. Nisaidie niandike vizuri. Unasema Mbonimpa aliweka maganda kwa akili yake, wewe huna habari?"

"Sina habari kabisa, mama. Niliyaona yaliporuka."

"Na kabla ya kuwasha pampu ulipitisha maji safi?"

"Nilipitisha! Madumu manne. Huo ndio utaratibu."

"Kiungo alikikagua nani?"

"Mimi mwenyewe." Gideon aligeuka awaangalie watu wote. "Sikumwachia kibarua kazi kama hiyo. Nilikiinamia, nikakishika kwa mikono yangu, nikakikaza hivi na hivi. Hakikutoa hata tone."

Adelgunda aliandika yote, polepole, mpaka nukta. Kisha akaichukua ile pete kwenye meza, akaiinua juu watu waione.

"Hii ilikuwa shuleni tangu saa mbili asubuhi, mkononi mwa mtoto. Sasa niambie, pale kwenye kiungo ulipokaza kwa mikono yako hivi na hivi, ulikuwa umeshika nini?"

Gideon aliitazama pete, akautazama mlango, akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Labda," akasema, "sikukishika sana."