Tofali la Fundi Wasaya

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki: haya yote ni kweli tupu, yametokea hapa hapa Multan, mtaa wa pili kutoka kwangu. Anayebisha apande treni aje aulize.

— Umeiona video yangu mpya? Laki mbili na nusu, Sumbal! Watu laki mbili na nusu wameitazama!

Mudassir alikuwa juu ya jukwaa la mianzi, simu sikioni, anacheka peke yake. Mchumba wake upande wa pili hakucheka.

— Nimeiona.

— Sasa mbona umenuna?

— Ule ukuta aliujenga baba.

Mudassir alishika mwanzi. Jua la Multan siku hiyo lilikuwa la kukaangia mayai juu ya saruji, lakini yeye alihisi baridi mpaka kwenye kucha.

Kijana alikuwa na ukurasa wake mtandaoni: Mudassir Mjenzi Halisi. Kofia ya njano, shati lililopigwa pasi, na kila Ijumaa video ya kuumbua mafundi wanaolipua kazi. Jina lilikuwa limepanda. Wateja walimpigia kutoka miji ambayo hajawahi kuikanyaga. Ijumaa iliyopita, kwenye bustani ya mteja mmoja, aliona ukuta wa matofali ya matundu, mzuri ajabu, ila tofali moja limekaa kombo, limejitokeza vidole viwili. Akaliwekea pima maji mbele ya simu. "Tazameni, ndugu zangu! Fundi huyu alisinzia au alilewa?" Akaling'oa kwa nyundo, akaweka jingine lililonyooka.

— Baba huacha tofali moja kombo kwenye kila ukuta, alisema Sumbal. Jicho la hasidi likija linaswe pale, liwaache wenye nyumba. Miaka arobaini anafanya hivyo.

— Wallahi sikujua!

— Utajuaje, na ujenzi umejifunzia kwenye simu? Ungemuuliza hata mwenye ukuta. Sasa mtaa mzima unamwita Fundi Kombo. Jana msikitini mtu kamwekea pima maji begani. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Amerudi nyumbani, zana zake zote kazitia guniani, gunia kalishona.

Simu ikakatika.

Mudassir akafuta video palepale, akamwandikia Sumbal: "Nimeifuta. Nisamehe. Yameisha."

Jibu likaja: "Umefuta kwako. Kwenye vichwa vya watu utafuta na nini?"

Halafu la pili: "Kesho shangazi anakuja kwenu kuvunja uchumba. Siwezi kuolewa na mwanaume aliyepata jina kwa kumfanya baba yangu kichekesho."

Jioni ile Mudassir alibeba boksi la halua akaenda kwao Sumbal, akipita vichochoro vya nyuma asionekane. Fundi Wasaya alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba uani, anakunywa chai.

— Karibu, mwanangu. Kaa.

Kuitwa mwanangu kulimuuma kuliko kofi. Akabaki amesimama, anaangalia viatu vyake.

— Baba, nimekuja kuomba radhi.

— Ya nini? Tofali lilikuwa kombo. Umesema kweli.

— Baba, usinifanyie hivyo. Nitukane.

Mzee akaipuliza chai.

— Nimejenga miaka arobaini, hakuna aliyewahi kunitazama. Nikasema siku moja watu watainua macho. Wameinua, Mudassir. Wakacheka.

Akamaliza kikombe.

— Halua mpelekee mama yako. Mimi sukari imenipanda.

Usiku akatangaza kwenye ukurasa wake kwamba kesho atakiri kosa mubashara. Asubuhi simu ikalia. Alikuwa wakala mmoja wa saruji aliyetaka kuweka sura ya Mudassir kwenye bango.

— Nasikia unataka kujianika mtandaoni? Una kichaa? Sema video imeibiwa, sema lolote! Ukikiri kosa, nani atanunua saruji yenye uso wako?

— Basi usiuweke.

— Mudassir, kwa siku moja unabomoa ulichojenga miaka minne!

— Mzee Wasaya nimembomolea miaka arobaini kwa dakika mbili, kaka. Kwaheri.

Akaenda kwenye ule ukuta, akaegesha simu kwenye ndoo, akaanza kurusha mubashara. Hakuvaa kofia. Hakuwa na shati la pasi.

— Assalamu alaikum. Huu ukuta nilioucheka ni wa Fundi Allah Wasaya. Lile tofali aliliweka kombo kwa makusudi. Aliyelewa ni mimi, nimeleweshwa na sifa zenu. Leo nalirudisha.

Maneno yakamiminika chini ya kioo. "Muongo!" "Kumbe hujui kazi!" "Najitoa!" Wafuasi walipukutika kama chokaa mbovu. Mudassir, masikio yanamuwaka, akaling'oa lile lililonyooka, akapaka saruji, akaweka tofali. Likaanguka. Akaweka tena, likakaa, likateleza, likamwangukia mguuni. Watu elfu tatu wanatazama. Mara ya tano machozi na jasho vilikuwa kitu kimoja.

Alikuwa kwenye jaribio la nane nyuma yake ilipounguruma pikipiki.

— Siyo hivyo, punda wewe!

Fundi Wasaya akashuka, gunia mkononi limechanwa mshono, na Sumbal nyuma yake ameshika mtandio wake wa dupatta usipeperuke.

— Nimevumilia nyumbani matofali manne. La tano nimeshindwa! Unaegemeza tofali kombo bila kulikata kisigino? Leta mwiko. Shika karai!

Mzee akagonga tofali mara tatu, akalikata pembe ya nyuma, akalilaza. Likakaa kombo kama kofia ya bwana harusi, na halikutikisika. Kwenye simu matusi yakakoma. Halafu mmoja akauliza: "Mzee, namba yako tafadhali?"

Mudassir akageuka taratibu.

— Sumbal.

— Usiniangalie mimi. Angalia saruji inakauka.

— Shangazi bado anakuja leo?

— Anakuja.

Sumbal akamwacha ahangaike kidogo.

— Mwandalieni chai. Anataka kuuliza hema la harusi liwe kubwa kiasi gani.

Harusi ilifanyika, na mimi nilikaa meza ya mbele, nikiwasimulia wageni jinsi nilivyomtetea Fundi tangu siku ya kwanza. Bibi harusi akanisikia.

— Mzee Sarwar, ulimtetea?

— Kwa nguvu zote, binti yangu!

Akafungua simu. Alikuwa amepiga picha maoni yote kabla video haijafutwa. Ya kwanza kabisa yalikuwa yangu: vikatuni tisa vya kucheka, na chini yake, "Fundi akapimwe macho!"

Meza nzima ikanigeukia. Fundi Wasaya mwenyewe ndiye aliyetoa hukumu: sinia la vitamu vya jalebi kwa kila nyumba ya mtaa, nilibebe mwenyewe kwa miguu, na niandike kisa hiki bila kuficha jina.

Jalebi zimekwisha jana, magoti hayanitaki. Naitwa Ghulam Sarwar, karani mstaafu wa idara ya maji. Nilicheka.