Nimekufyekea Njia

Kipanga, kama wenzake wa uwanjani walivyomwita, alikuwa rubani hodari mwenye kiburi cha kuwatosha marubani watatu. Jioni ile alikuwa na kazi ndogo tu: kumchukua binti yake kwa bibi yake na kumrudisha mjini, maana shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake. Mkewe alimsihi kwenye simu waje na gari. Kipanga akacheka, akasema gari ni la waoga.

Mafuta aliyapima. Injini aliisikiliza, ikanguruma vizuri. Jua tu ndilo lililokuwa linamkimbia, kwa hiyo akakata shauri kupita juu ya mashamba ya mahindi, njia aliyoikwepa tangu msimu uliopita.

Msimu ule injini ilimzimikia hukohuko. Alitua katikati ya mahindi, akatoka bila hata mchubuko. Gurudumu lilikuwa limegonga kitu.

“Kisiki,” aliwaambia waliokuja kuivuta ndege, wala hakurudi nyuma kuangalia. Lakini kisiki hakilii, na yeye alikuwa amesikia kilio.

Mwenye shamba, mama mmoja mkimya, alikuwa amemlaza mjukuu wake kivulini huku akipalilia. Hakupiga kelele. Alimsogelea Kipanga, panga mkononi, akamnong'oneza:

“Utashuka tena, baba. Siku hiyo nitakufyekea njia.”

Sasa binti yake alikaa kando yake, mkanda umefungwa, akichezesha miguu katika viatu vyake vyekundu.

“Baba, ile barabara kwenye mahindi ameitengeneza nani?”

Kipanga akatazama chini. Palikuwa na ukanda uliofyekwa, umenyooka, wa urefu uleule iliouhitaji ndege yake. Mabua mabichi yalikuwa yamelazwa kando kwa adabu, kama watu wanaomngoja mgeni.

Akageuza ndege haraka.

Injini ikakohoa.

Ikakohoa tena…

Kimya.

Upepo tu ukavuma kwenye mabawa. Ndani kukanuka mabua yaliyokatwa sasa hivi, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Alijaribu kuwasha. Akabadili tangi, akajaribu tena. Wapi! Kila upande wa shamba ulikuwa na miti na mawe. Alimlaani yule mama kwa chuki yake yote, kisha akaelekea pale pale alipoandaliwa njia.

“Inama, mwanangu. Shika kichwa.”

Magurudumu yakagusa ardhi taratibu. Katikati ya ukanda…

Gurudumu likagonga kitu.

Ndege iliposimama, Kipanga aligeuka upesi. Kiti cha binti yake kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa bado umefungwa, na mlango umekomewa kwa ndani.

Akaruka nje akimwita. Mwisho wa ukanda alisimama yule mama, amebeba mtoto mgongoni kwa kitambaa. Viatu vyekundu vilining'inia pembeni mwa kiuno chake. Kipanga alimkimbilia, akapiga magoti, akamwomba kwa jina la Mungu amrudishie mwanawe.

Mama akamtazama bila huruma hata chembe.

“Huyu ni mjukuu wangu,” akanong'ona. “Viatu tu ndivyo vya kuazima.”

Akainua panga, akaelekeza nyuma ya ndege, pale gurudumu lilipogonga.

“Nenda basi. Leo kaangalie kisiki chako.”

Kipanga hakugeuka. Shingo ilikataa. Giza lilikuwa limeanza kuingia shambani, na nyuma yake, kwenye mabua, kisiki kikaita:

“Baba…”