Dola Iliyosuguliwa kwa Majivu

Unywele wa kwanza Milcah aliutoa kinywani mwa mwanawe Shantel saa nane mchana. Ulikuwa mrefu, mweupe, baridi kama waya. Kichwa cha Milcah mwenyewe kilikuwa kimenyolewa. Nywele za Mama Champa, mwenye nyumba, zilikuwa nyeusi.

Ilikuwa Februari 2008. Nyumba ya Milcah ilichomwa Januari katika ghasia za baada ya uchaguzi, na Umesh na mkewe Champa wakampa chumba nyuma ya duka lao mjini Nakuru, yeye na mtoto wake wa miezi minane, bila kuuliza atakaa hadi lini. Champa alimletea hata shuka zilizopigwa pasi. Milcah hakuwa na kitu cha kurudisha ila mikono. Basi asubuhi ya siku ile ya unywele, akifagia, alikuta droo ya Umesh iko wazi. Ndani, juu ya kitambaa cha bluu, zilikuwa sarafu za fedha za Amerika alizozikusanya miaka thelathini, nyeusi kama sufuria za kuni. Alimwonea Umesh huruma. Akachagua iliyokuwa nyeusi kuliko zote, dola ya mwaka 1795 yenye sura ya mwanamke aliyeachilia nywele, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa.

Umesh alipokuja kula, aliishika ukingoni kwa vidole viwili, akakaa chini polepole.

"Nani ameosha hii?"

"Ni mimi, boss. Ilikuwa chafu."

"Si uchafu, Mama Shantel. Hiyo nyeusi ni ngozi yake. Miaka mia mbili. Sisi watu wa sarafu hatuoshi, hata kwa maji. Basi. Ulitaka kusaidia. Kula kwanza."

Kisha akaigeuza. Nyota zilikuwapo, mwaka ulikuwapo. Mwanamke hakuwapo.

"Umesugua sana?" Champa akanong'ona.

"Hapana, mama. Nikimaliza alikuwa hapo. Nilimwona."

Katika chumba cha nyuma, Shantel akacheka. Milcah alikimbia akamkuta peke yake, amefunikwa vizuri kuliko alivyomwacha, unywele ule mweupe kinywani, na hewani harufu ya chuma kilicholowa.

Siku ya pili mtoto alikataa titi. Siku ya tatu alikataa hata uji, lakini hakukonda, mashavu yalizidi kujaa, na kila Milcah alipotoka kuanika nguo alisikia mtu akivumisha wimbo usio na maneno, taratibu, kwa upendo, na aliporudi wimbo ulikatika na kitambaa cha nepi cha mtoto kilikuwa kimebadilishwa na kile kichafu kimefuliwa, kimekunjwa, bado kinachuruzika maji baridi yenye nywele nyeupe ndani yake.

Champa alimwita maalim wa kutoa majini kutoka mtaa wa Bondeni. Maalim alisoma kitabu chake, akapulizia maji, akasikiliza ukutani kwa muda mrefu. Mwishowe akafunga kitabu.

"Nimemwambia atoke. Ananijibu kwa adabu."

"Anasema nini?" Milcah akauliza.

"Huyu jini anasema ulimfungua kutoka kwenye dola bila kudai kitu. Hajawahi kutendewa wema kama huo. Sasa anarudisha."

"Anarudisha nini?"

"Anakulelea mtoto."

"Mwambie imetosha. Mwambie nimeshukuru."

"Nimemwambia, mama. Anasema huo ndio uungwana wako, unakataa kwa sababu umelelewa vizuri." Maalim akakwepa macho yake. "Mwenye hasira namtoa. Huyu anatoa shukrani, sina maneno ya kumtoa."

Umesh akauliza kwa sauti ya chini, "Hii dola ikirudi kuwa nyeusi, atarudi ndani?"

"Huenda."

Umesh akatazama dola mkononi, iliyohitaji miaka mia mbili kuwa nyeusi, kisha mtoto. Maalim alikataa hata nauli.

Walipobaki wawili, Milcah akampakata Shantel akafungua blauzi, ambayo ilikuwa imelowa maziwa tangu asubuhi. "Kunywa, mama yangu. Kidogo tu." Mtoto alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja na zawadi. Kisha akageuza kichwa upande usio na mtu, akafungua kinywa, akaanza kumeza.