Mdomo Haukisiwi

Asubuhi hiyo Mama Vichwa alikanda udongo kama kawaida yake, huku akimtukana kuku wa jirani aliyezoea kuchakura mlangoni. Jina hilo alipewa na mtaa, maana hakufinyanga mitungi wala vyungu. Alifinyanga vichwa vya watu. Kabla hajashika udongo alikutazama mpaka ukahisi umevaa shati kinyume. Muuza mkaa aliapa kwamba hata mkewe hakumtazama hivyo siku ya harusi.

Safari hii alikuwa anamfinyanga bintiye, Kidoti, waliyemzika kabla mvua hazijaanza. Picha zake zilikuwepo, lakini picha haina kisogo, na mama alitaka kichwa cha kukumbatia.

Vidole vilikumbuka paji la uso, vikakumbuka mashavu. Vilipofika mdomoni vikakwama. Siku zile za mwisho za ugonjwa, mama huyu aliyemtazama kila mtu alishindwa kumtazama mwanawe. Aliingia chumbani akageukia dirisha. Aliyekaa kando ya kitanda mpaka mwisho ni mdogo wake Mama Vichwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huu ulimzidi nguvu.

Marehemu baba yao, aliyemfundisha kazi, alikuwa na neno lake: macho unaweza kuyakisia, mdomo haukisiwi. Mama Vichwa akakisia. Akampa Kidoti tabasamu la siku za uzima, akakifunika kichwa kwa kitambaa kibichi udongo usije ukapasuka, akatoka kunawa mikono.

Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimebonyea ndani, pale penye mdomo.

Akakifunua. Tabasamu halikuwepo. Midomo ilikuwa imeachana, imekauka, ina mipasuko midogo pembeni.

"Wewe! Nani kakutuma uguse kazi yangu?"

Mdogo wake alikuwa uani akianua nguo. Alikuja, akachungulia, nguo zikamponyoka zote.

"Dada," alinong'ona, "ndivyo alivyokuwa. Mwishoni."

"Basi ni wewe uliyefanya."

"Mimi hata kikombe siwezi kufinyanga. Na humu sijaingia tangu msiba."

Mama Vichwa akauziba mdomo ule kwa udongo mpya, akalirudisha tabasamu kwa nguvu. Akafunika. Safari hii hakutoka. Alisimama palepale, mchana kweupe, mlango uko wazi.

Kitambaa kikabonyea.

Kikatuna nje.

Kikabonyea.

"Mtazame, dada. Usigeuke tena."

Akafunua. Akaketi. Akamtazama mwanawe, midomo ile mikavu, kwa mara ya kwanza tangu homa ianze. Alilia mpaka sauti ikamkatika. Hakusahihisha kitu. Alipofunika tena, kitambaa kilitulia, naye akadhani yamekwisha.

Sasa, kichwa kilichojaa udongo hakiingii tanuruni. Lazima kikombwe ndani, la sivyo moto utakipasua. Kilipokauka kiasi cha kukatika vizuri, ndugu hao wawili wakakata utosi kwa waya, mmoja ameshika, mwingine anavuta. Mama akaanza kukomba kwa kisu. Udongo mkavu ulitoka vipande vipande. Halafu kisu kikazama.

Kulikuwa na uwazi mle ndani. Hakuna mkono uliowahi kufika huko. Wakainama kutazama.

Meno. Kaakaa. Ulimi mdogo wa udongo, ncha yake imeinuka nyuma ya meno, kama wa mtu anayeanza neno.

"Alikuwa anasema nini?" mama aliuliza. "Wewe ulikuwepo. Alikuwa anasema nini?"

Mdogo wake aliuweka waya chini.

"Alikuwa anasema 'nitazame'. Kila mara. Mimi nilikuwa namtazama, dada. Nilidhani ananiambia mimi."

Mama Vichwa akaingiza kidole polepole, akaugusa. Kichwa chote kilikuwa kikavu. Ulimi ulikuwa mbichi, una uvuguvugu.

Mvua zimepita, jua limewaka mpaka visima vimeshuka. Kichwa kile hakijachomwa hadi leo. Wanasubiri ulimi ukauke.