Glasi ya Kwanza Kutoka Pipani

Stendi ya Kasulu, siku ya gulio, Julai 2013, kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa kijana mmoja aliyekaa juu ya pipa. Lilikuwa pipa la mbao, jeusi kwa uzee, limefungwa mikanda ya chuma, na magari mawili ya Kibondo yalikuwa yameshalikataa. Shati la kijana lilikuwa jeupe asubuhi, kabla ya vumbi la Titye. Sasa alikuwa na uso wa mtu asiyetaka kutaniwa, na watu wa namna hiyo ndio hutafutwa na watani.

"Kaka, unaatamia?" sauti ya kike ilimuuliza. "Vifaranga vinatoka lini?"

Aligeuka. Binti alikuwa amevaa kitenge cha njano chenye maua ya kijani, raba nyeupe miguuni, na dumu la pombe ya ndizi kila mkono. Mtaa mzima wa Murubona, pale pale Kasulu, ulimjua Odilia kwa madumu hayo. Kijana wetu hakumjua, akabaki anamtazama mpaka ikawa aibu.

"Mwakani," alijibu mwishowe. "Kama utakuwa na subira."

"Subira? Mimi hata chai siwezi kungoja ipoe." Akatua madumu, akainama, akaweka pua kwenye tundu la pipa bila kuomba ruhusa. "Hili lilikuwa la pombe. Siyo ya huku lakini."

"Ya Wabelgiji."

"Acha uongo!"

Haukuwa uongo. Kijana aliitwa Reverien, mkulima wa Kumsenga kule Kibondo. Babu yake alikuwa mpishi wa padri mmoja wa Kibelgiji huko Burundi, na padri alimfundisha pombe ya kwao: inalala mwaka mzima kwenye mbao mpaka inakuwa chachu, kisha inachanganywa na changa ili ipate uhai. Vita vilipokuja, wenzake walikimbia na magodoro, yeye akakimbia akivingirisha pipa. Miaka yote hiyo lilikuwa kwa mjomba huko Titye, linahifadhi mahindi.

"Mahindi!" Odilia alishika kichwa. "Mjomba wako afungwe."

"Nataka kulaza humo pombe ya mtama. Tatizo sina pombe changa ya kuchanganyia. Ya mtama mtupu inakuwa kali mno."

Odilia alitazama madumu yake, akamtazama Reverien, halafu akacheka peke yake.

"Nipe namba yako," alisema.

Lori lililomletea ndizi lilikuwa linarudi Kibondo tupu. Alimsemesha dereva maneno mawili matatu, na kabla ya saa sita pipa lilikuwa juu ya lori na Reverien pembeni yake, anapunga mkono hadi shingo ikamuuma.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Nyumbani kwa Reverien mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko, na mama yake, Mama Esteri, alizoea kumwona mwanawe amesimama huko anacheka na hewa.

"Limelala?" Odilia aliuliza kila jioni.

"Limelala, mpenzi. Kimea kilikuwa kizuri, pombe ilitoka nyekundu."

"Uliionja leo?"

"Odilia, lina wiki tatu."

"Onja kidogo tu, uniambie."

"Likifunguliwa ovyo linaharibika. Tulia."

"Siwezi kutulia. Wewe na pipa lako mmeniweka roho juu."

Na kweli hakutulia mwaka mzima. Alipika ndizi, akaziacha, akapika nyingine. Alibadilisha aina ya ndizi mara tano. Alikuwa akiamka anawaza pombe, lakini akiwa mkweli alikuwa anamuwaza mwenye pombe, na wakati mwingine alishindwa kujua kipi kinamnyima usingizi. Reverien alikuja Kasulu mara nne, yeye akaenda Kumsenga mara mbili, na kati ya safari hizo walipendana wazi, bila kuficha. Kilichobaki ni mama.

Mama Esteri alivuka mpaka akiwa binti mdogo. Kaka yake mkubwa alikunywa kikombe kimoja kilabuni, kikombe ambacho aliyekimimina hakukionja, na kabla ya jua kuzama akawa amekufa. Kama ilikuwa sumu au ugonjwa, hakuna aliyejua. Tangu siku hiyo Mama Esteri hakunywa kitu ambacho mmiminaji hakukionja kwanza mbele ya macho yake. Desturi hiyo Waha wote wanayo na Warundi wote wanayo, lakini kwa wengine ni adabu tu. Kwake ilikuwa maisha.

Mwanzoni mwa Septemba 2014 Odilia alikwenda Kumsenga na madumu sita ya pombe changa. Walichanganya pamoja, mikono hadi viwiko, kibuyu cha mtama, kibuyu cha ndizi, wakibishana kila kibuyu. Jua lilikuwa kali. Mama Esteri alimletea maji ya chemchemi yake kwenye kata.

"Kunywa, mwana wanje, mwanangu. Maji haya yamenilelea watoto saba."

Odilia alikunywa kata mbili akashukuru. Hakujua kwamba mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kuteremsha tope la malishoni kwenye ile chemchemi.

Siku ya kuonja ilipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alhamisi ya kabla yake Odilia alikuwa amejikunja kitandani Murubona, ameshika tumbo. Zahanati wakampima, wakampa vidonge vya amiba.

"Siku saba," daktari alimwambia. "Na tatu za nyongeza baada ya hapo. Pombe usiguse hata tone, utatapika mpaka ujute."

Ungekuwa wewe, ungeahirisha. Ungempigia Reverien ungesema naumwa. Lakini Odilia alikuwa amengoja mwaka na miezi, na shangazi wa Reverien walishaalikwa. Alijipa moyo kwamba Reverien ndiye atakayemimina. Pipa ni lake, ataonja yeye, na mimi nitashika glasi nitabasamu. Akavaa gauni la kijani lenye mikono ya lesi, akapaka mafuta, akapanda gari.

Watu kumi na wawili walikuwa wamekaa uani kwa Mama Esteri. Reverien, ndani ya suti ya kahawia iliyombana mabegani, aliweka koki kwenye pipa. Harufu ikatoka: mbao, maganda ya ndizi mbivu, na ukali fulani uliofanya mate yajae mdomoni. Shangazi mmoja akasema yoo.

Mama Esteri akanyoosha glasi.

"Siyo wewe, Reverien. Mpe binti. Nataka nione mkono wake."

Odilia aliipokea. Alifungulia koki, pombe ikashuka nyekundu yenye povu jepesi, akashika glasi iliyojaa. Wote walikuwa wakingoja aonje.

Unasema angedai ana malaria? Ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwako. Angetaja dawa, wangeuliza dawa ya nini, na msichana anayemeza dawa kimya kimya mbele ya wakwe hufikiriwa jambo moja tu, mimba. Angesema kweli, angekuwa amemwambia Mama Esteri mbele ya ukoo wake kwamba maji yake yamemharibu tumbo. Na angeonja, angetapika juu ya miguu ya mama mkwe. Alipiga magoti, akampa glasi ikiwa imejaa vilevile.

Mama Esteri aliitazama glasi. Halafu akaiweka chini, polepole, kwenye vumbi.

"Oya, hapana," alisema. Akainuka akaingia ndani.

Reverien alimfuata Odilia hadi barabarani, kola imelegea.

"Umefanya nini? Nilikwambia habari za mjomba na kile kikombe! Nilikwambia!"

"Najua."

"Sasa kwa nini? Huiamini pombe yetu? Au hunitaki na umekosa pa kusemea?"

"Reverien, usiniulize leo. Nakuomba."

"Nitakuuliza lini? Wamesema ndani humo umekuja kumuua mama yangu!"

"Na wewe umesema nini?"

Alichelewa kujibu. Sekunde mbili hivi, siyo zaidi, lakini Odilia alizihesabu, akapanda gari la kwanza lililosimama.

Jumatatu simu iliita.

"Njoo uchukue nusu yako," Reverien alisema kwa sauti ya kichuguu, yaani ya kupaza.

"Nusu ipi?"

"Ndizi zako. Mimi nibaki na mtama wangu."

"Imeshachanganyika, Reverien. Utaitenganisha kwa nini, kwa chujio?"

"Basi nitaimwaga."

"Mwaga," alisema Odilia, akakata, akalia kwa hasira hadi kitenge chote cha begani kikalowa. Alimpenda, hilo halikubadilika hata kidogo, na ndilo lililomchoma. Aliendelea kumeza vidonge vyake asubuhi, mchana na jioni, mdomo ukiwa mchungu, akitembea kutoka dirishani kwenda mlangoni na kurudi. Mara kumi aliandika ujumbe. Mara kumi aliufuta.

Reverien hakumwaga. Jumanne usiku tumbo lilimkamata, na Jumatano asubuhi alikuwa amejikokota hadi duka la dawa Kibondo mjini, jasho linamtoka. Muuzaji, mama wa makamo aliyeitwa Siti, alisoma cheti alichoandikiwa zahanati, akamhesabia vidonge.

"Amiba. Mko wengi mnaotoka upande ule, mvua imeharibu chemchemi. Pombe unakunywa?"

"Napika."

"Hadi umalize siku saba, na tatu tena, hata kuonja usionje."

"Hata kuonja?"

"Hata ulimi usiiguse. Wiki hii nimempeleka mtu hospitali."

Reverien alisimama pale na karatasi ya vidonge mkononi. Aliziona kata mbili za maji. Aliyaona magoti ya Odilia kwenye vumbi, na zile sekunde mbili zake mwenyewe. Mtu wa nyuma yake alimsukuma asogee.

Kibondo mjini hapakuhitaji kichuguu. Alipiga akiwa bado mlangoni mwa duka.

"Odilia. Usikate. Ulikuwa unatumia dawa?"

Odilia hakukata.

"Nyeupe, za duara, zinaacha uchungu mdomoni?"

"Nani kakwambia?"

"Ninazo mkononi. Nimepewa sasa hivi. Kwa nini hukusema, mpenzi?"

"Ningesema nini? Mama, maji yako yana uchafu? Mbele ya shangazi zako?"

"Ungeniambia mimi."

"Nilitaka unitetee kwanza, bila kujua sababu."

Reverien alisema pole, akairudia, na kila mara ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Umeimwaga?" Odilia aliuliza mwishowe.

"Sikuweza."

"Jumamosi ndiyo siku yangu ya mwisho," alisema. "Jumapili niko huru."

Jioni ile Reverien alimweleza mama yake, yote, kuanzia kata mbili. Mama Esteri alisikiliza akichambua maharage. Alipomaliza kuchambua alianza upya yaleyale.

Jumapili, baada ya ibada, Odilia alishuka Kumsenga. Safari hii hakuvaa gauni la lesi. Alivaa kile kitenge cha njano na raba zake. Uani hapakuwa na shangazi hata mmoja, ni Mama Esteri tu mlangoni na Reverien aliyepauka pembeni yake, suruali imelegea kiunoni.

Alisalimia kwa magoti, akaenda moja kwa moja kwenye pipa. Akamimina. Povu likamwagikia vidole. Kisha, macho yake ndani ya macho ya Mama Esteri, akanywa nusu nzima, mikunjo ikamjaa usoni kwa ukali, akampa iliyobaki kwa mikono miwili.

Mama Esteri alikunywa. Alifumba jicho moja.

"Chachu."

"Ndiyo, mama."

"Halafu utamu unakuja nyuma."

"Hizo ndizi zangu."

"Ego, ndiyo." Alikunywa yote, akaisuuza glasi, akaijaza tena mwenyewe. Akaonja yeye kwanza, akampa Odilia. "Hapa mimi ndiye mwenyeji. Siku ile ilikuwa nimimine mimi. Nilikuhukumu, mwanangu, na maji yalikuwa yangu."

"Sikutaka kukuaibisha, mama."

"Najua. Ulikubali kuitwa muuaji ili mimi nisiaibike." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Binti wa namna hiyo nimwache aende wapi?"

Odilia naye alilia, glasi mkononi, na kwa kuwa hakuwa na subira alilia na kunywa kwa pamoja.

"Na mimi je?" Reverien aliuliza. "Mwaka mzima nimelilinda hili pipa!"

"Una siku tano!" wanawake wawili walimjibu kwa sauti moja.

Mezani palikuwa na birika jipya lililofunikwa sahani, bado linatoa mvuke. Mama Esteri alikuwa amechemsha maji tangu alfajiri. Reverien alijimiminia kikombe, akaja nacho mbele ya Odilia, akapiga goti moja kwa shida kwa sababu tumbo bado lilimsokota.

"Wenzangu wanaposa kwa pombe," alisema. "Mimi nina maji tu. Odilia, utakubali kuwa mke wangu?"

Odilia alimtazama kwa muda, muda wa sekunde mbili hivi, naye Reverien alizihesabu. Kisha akakichukua kikombe mkononi mwake, akaonja kwanza, akampa.